Msusi Mwenye Kipara na Kopo la Amla

Kama umeichukua karatasi hii kwa sababu chanuo lako limejaa nywele na ngozi ya kichwa imeanza kuonekana, kaa kitako kwanza. Usilie bado. Mimi nililia kabla ya wakati, kisha nikalia tena wakati wenyewe ulipofika, na kile kilio cha kwanza kilinimalizia nguvu bure.

Jina langu ni Tatu, wa Mohoro, upande wa mtoni. Nyumba yetu imepakana na chuo ambamo baba yangu, Mwalimu Shomari, anasomesha watoto Kurani. Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika, ingawa jamaa walimwambia anapoteza wino kwa mtoto wa kike. Wino wa leo ninaoandikia una habari yake na nitaifikia. Kazi yangu ni ususi. Nimeanza kusuka vichwa vya watu kabla sijavunja ungo, na ukinionyesha njia tatu za nywele nyuma ya kichwa cha mtu nitakwambia ni mkono wa nani uliozipasua.

Kwetu nywele zinazong'oka kwenye chanuo hazitupwi ovyo. Mteja akimaliza kusukwa anainama mwenyewe, anaziokota mkekani moja moja, anazifunga kwenye pindo la kanga, kisha anakwenda kuzifukia mahali anapopajua yeye peke yake. Anayezipata nywele zako anaweza kukufanya atakavyo, ndivyo tunavyoamini. Msusi haoni vibaya. Miaka yote hiyo sikuwahi kuachiwa hata unywele mmoja, hata na mama yangu mzazi, Mungu amrehemu. Ukijua tunavyoziogopa nywele hivyo, utaelewa kwa nini msusi aliyetokwa na nywele zote ni balaa mtaani.

Homa ilinishika katika kipupwe, mwaka uleule wa vita vya maji, majuma machache kabla pamba haijang'olewa kule vilimani kwa Wamatumbi. Mume wangu Mbwana alikuwa ameshaondoka na wenzake kwenda kukata boriti visiwani, kwenye mikoko. Aliniacha mzima, nimenenepa, nimesuka njia kumi na moja. Siku ya tano ya homa sikuweza kuinuka. Baba na majirani walinibeba juu ya kitanda cha kamba mpaka boma, kwa kuwa kulikuwa na mtu wa dawa pale.

Baraza ya boma naikumbuka kuliko homa yenyewe. Wagonjwa tulikaa chini kwa kufuatana, aliyetangulia karibu na mlango, aliyechelewa kwenye jua. Mtu akitaka kwenda kutapika aliacha makubazi yake mahali pake ili asinyang'anywe zamu. Ilifika wakati nikatazama nikaona baraza nzima ni makubazi tu, watu wote wako nyuma ya ukuta. Nilicheka, na mbavu zikaniuma. Mzee mmoja mwenye donda mguuni aliyasogeza makubazi yangu mbele kila zamu iliposogea, siku zote tatu nilizokaa pale, na hata jina lake sikulijua.

Nilipewa unga mweupe mchungu. Masikio yalivuma siku nyingi hata adhana nikawa naisikia mara mbili. Lakini homa ikatoka. Nikarudi nyumbani kwa miguu yangu, mwembamba, na nikadhani mambo yamekwisha.

Wakati huo vita vikawa vimewaka. Njia zilifungika, na habari za Mbwana zikakatika. Watu walizungumza habari za maji ya dawa kwa sauti ya chini, nani ameyanywa, nani amenyunyiziwa, na askari nao walikuwa wakipekua kila kibuyu. Sisi wa mtoni tulilala tumefunga vitu vyetu katika mikeka, tayari kukimbia.

Nywele zilianza kutoka vuli ilipoanza, wakati nimeshasahau kuwa niliugua. Asubuhi moja nilipitisha chanuo na likatoka na shungi zima. Nikapitisha tena, likatoka jingine. Nilizikusanya zote katika mfuko wa kaniki kama nilivyofundishwa, na baada ya juma moja mfuko ulijaa na kichwa kikawa cheupe. Ngozi nayo iliharibika. Viwiko na magoti yalipauka na kuchanika, na mashavuni yakatoka mabaka. Nilijitazama katika maji ya mtungi nikamwona mtu nisiyemjua, nikaufunika mtungi.

Aliyekuja kuufunua ni Hadija. Huyu ni binti wa shangazi yangu, binamu yangu, na kwetu mabinamu ni watani. Hakuna neno analoweza kuniambia nikakasirika, au tuseme hakuna neno ninaloruhusiwa kulikasirikia. Aliingia, akanivua kanga kichwani, akanizunguka mara mbili.

"Lo! Mohoro nzima tunahangaika na mahali pa kukaushia mpunga," akasema, "kumbe sakafu tunayo humu ndani."

"Nenda zako, Hadija."

"Nakwenda wapi? Nataka kuona nimeketi. Ila usitoke jua likiwaka, askari watadhani unawapigia wenzako ishara."

Nilikuwa sijacheka tangu ile baraza ya makubazi. Nilicheka mpaka kamasi zikanitoka. Kila siku alikuja, akanipikia uji, akanipaka mafuta ya nazi mgongoni, na kila siku alileta jina jipya la kichwa changu. Kama una mtu wa namna hii karibu nawe, mvumilie.

Wateja ndio walionitia uchungu. Hakuna aliyenitukana. Wote walikuwa wapole mno. Bi Mwajuma, mke wa akida, ambaye nilimsuka kila mwezi tangu alipoolewa, alileta salamu: "Tatu apumzike kwanza." Jirani wa pili akasema nipumzike. Wa tatu pia. Mji mzima ulikuwa unanipumzisha. Nilijua wanachokiogopa. Walidhani kipara changu kitapita vidoleni mwangu na kuingia vichwani mwao. Ukiugua ukapoteza uzuri, utalia na yatakwisha. Mimi nilikuwa napoteza mikono, na bila mikono hii sijui mimi ni nani. Baba alisema niache ususi nimsaidie kukoroga wino wa chuoni. Alisema kwa huruma, na nilimjibu kwa ukali ambao mpaka leo najutia.

Kisha ikaja Alhamisi. Hadija alikuwa akisukwa na mimi Alhamisi moja katika kila mbili, tangu utoto. Ile ya kwanza alisema kichwa kinamgonga. Ile ya pili alisema ana haraka. Siku iliyofuata aliinama kupuliza moto, kanga ikamteleza, nikaona amesukwa. Njia ya pili kutoka kushoto ilikuwa imepinda, nikajua hata ni nani aliyemsuka. Nikampa kuni nyingine. Yeye alivuta kanga yake, akanitania habari ya uji, na kwa mara ya kwanza utani wake haukunichekesha.

Sasa nifike kwenye kopo.

Baba alikuwa akinunua karatasi katika duka moja la Kihindi karibu na gati. Mke wa mwenye duka, Bibi Rukia, alikuwa mtu wa ndani, hatukuzoeana. Siku moja nilikwenda kutafuta mafuta ya nazi, na mumewe alipoinama kupima, Bibi Rukia alichungulia pazia akanitazama kichwani. Nilikuwa nimejifunga vizuri, lakini mtu aliyewahi kupoteza nywele humtambua mwenzake kwa jinsi anavyoishika kanga.

"Wewe, dada. Ingia ndani," akasema.

Uani alinikalisha juu ya kinu. Akanieleza kwamba yeye nywele zake zilitoka zote baada ya kujifungua mtoto wa pili. Akaingia chumbani akatoka na kopo la bati lenye unga wa rangi ya majani makavu. Nikaonja kwa ncha ya ulimi: mchachu, na ukali wake unabana mdomo kuliko ukwaju.

"Hii amla. Tunda la kwetu, wanakausha, wanasaga. Mama yangu alipaka, na mimi napaka. Mimi sisemi itaotesha. Nywele anaotesha Mungu. Hii inasafisha kichwa, inalainisha, zikija zikute nyumba nzuri."

Nilimpenda kwa maneno hayo. Waganga wawili walikuwa wameshaniahidi nywele za kufika magotini.

Alinifundisha hivi, nami nakufundisha wewe. Chukua bakuli la udongo. Tia unga wa kujaza kiganja, mimina maji ya vuguvugu kidogo kidogo, koroga mpaka uwe kama uji mzito. Kwanza paka tone ndani ya kiwiko, ungoje mpaka kesho. Ngozi ikiwasha na kuvimba, acha, si dawa yako. Isipowasha, paka kichwani kwa vidole, bila kusugua kwa kucha. Kaa nayo kwa muda wa kupika wali mpaka ukauke, usizidishe, kwani ikikaukia sana inabana ngozi na kuikausha zaidi. Osha kwa maji mengi, kisha paka mafuta ya nazi. Mara mbili kwa juma yatosha. Kwa uso, changanya kijiko cha unga na asali na unga laini wa mchele, paka mara moja kwa juma, uoshe upesi. Penye kidonda usipake. Na ufumbe macho. Hilo la macho alilisema mara mbili, nami sikulisikia mara zote mbili.

"Na chuma hapana," akamalizia. "Ukitia kwa chuma, inakuwa nyeusi."

Siku ya kwanza Hadija ndiye aliyenimiminia maji. Alimimina moja kwa moja usoni na mimi nimekodoa macho. Nilipiga kelele, kuku wakatawanyika, baba akatoka chuoni na bakora mkononi akidhani tumevamiwa. Watoto wa chuo walipewa ruhusa ya mapema siku hiyo na walinishukuru sana.

Baada ya majuma matatu kichwa kiliacha kuwasha. Magamba yaliisha. Uso ulianza kulainika, mabaka yakafifia kidogo kidogo. Nywele hazikuja. Lakini nililala vizuri, na nilikuwa na kitu cha kungojea, Jumatatu na Alhamisi. Alhamisi yangu ilikuwa imepata kazi nyingine.

Halafu zikafika habari kwamba maduka ya pwani yamechomwa. Bibi Rukia na watu wake waliondoka kwa mtumbwi siku ileile. Alipita nyumbani kwetu akiwa na mtoto mgongoni, akanitia kopo mikononi.

"Kopo langu nalitaka," akasema. "Nikirudi nalikuta hapa, pamoja na wewe."

Siku ya pili ngoma ya hatari ikalia, tukakimbilia boma, na katika purukushani bakuli langu la udongo likavunjika. Ilikuwa uwongo, watu wa ng'ambo ya mto walikuwa wakifukuza nguruwe kwenye mpunga. Tuliporudi, kilichobaki cha kukorogea ni karai kuukuu la chuma, lenye kutu.

"Bibi Rukia alikataza chuma," nikasema.

"Alisema itakuwaje?" Hadija akauliza.

"Itakuwa nyeusi."

Hadija alinitazama kana kwamba nimetoka kuzaliwa. "Sasa Tatu, sisi tunatafuta nywele za rangi gani? Za kijani?"

Ningeweza kukataa. Sikukataa, na sitamtupia Hadija lawama yote, maana nilipoyasikia maneno yake niliyaona ya akili kabisa. Tukatia na msumari ndani ili chuma kizidi. Tukaacha tangu alfajiri mpaka adhuhuri. Uji ulitoka mweusi tititi, nikapakwa kichwa kizima, nikakaa. Tulipoosha, maji yalitoka na weusi ukabaki. Tukaosha tena. Kichwa kilikuwa cheusi na kinang'aa, masikio meusi, na kwenye paji la uso mstari mweusi ulikuwa umeteremka mpaka kwenye nyusi. Vidole vya Hadija vilikuwa hivyohivyo.

Hadija alijaribu kuzuia kicheko akashindwa, akaenda kukaa juu ya kuni. "Faida ipo," akasema alipopata pumzi. "Ukisimama mbali, una nywele."

Kesho yake nilikwenda kisimani nikiwa nimefunga kanga mpaka machoni. Nilipoinama kuvuta maji ikateleza. Mwanamke mmoja wa kando akauona weusi, akarudi nyuma. "Amepakwa," akasema. "Huyu amepakwa dawa." Neno hilo katika siku zile lilikimbia kuliko mtu. Kabla sijafika nyumbani na mtungi wangu, askari wawili walikuwa mlangoni. Waliniuliza maji niliyopakwa ni ya nini.

Basi nikarudi kwenye baraza ileile ya boma. Safari hii nilikaa peke yangu, hakuna makubazi, hakuna mzee wa kunisogezea zamu. Tangu asubuhi mpaka alasiri. Watu walikuwa wameshanyongwa kwa ajili ya maji. Niliogopa sana. Niliwaza kwamba Mbwana atarudi aambiwe mkewe alinyongwa kwa sababu ya karai la kutu, na atashindwa hata kuwaeleza watu.

Akida alipoketi aliniuliza swali moja. "Nani aliyekutengenezea dawa hii?"

Nikavuta kanga yangu mbele. Alirudia. Nikatazama vidole vyangu vya miguu. Nilimkumbuka Hadija na Alhamisi zake mbili, na ile njia iliyopinda, na bado sikuweza kulitoa jina lake.

"Mimi hapa, Bwana Akida."

Alikuwa anapanda ngazi, karai kichwani na uji mweusi uliobaki ndani yake, na baba nyuma yake na kalamu sikioni. Hadija aliteremsha karai mbele ya akida na kuonyesha viganja vyake vyeusi. "Huyu hana nywele kwa homa. Tulikuwa tunamtafutia. Ujinga wa chuma ni wangu mimi, yeye alikataa."

Hilo la mimi kukataa halikuwa kweli sana, lakini sikulisahihisha.

"Maji ni maji," akida akasema. "Nitajuaje haya si ya vita?"

Baba akaomba ruhusa. Alikuwa ameleta ubao wa chuo. Akachovya kalamu yake ya ubua ndani ya karai, akaandika mstari mmoja polepole, kwa mwandiko wake mzuri wa siku ya Idi, akampa akida. Akida alikuwa mtu wa pwani aliyesoma. Alitazama mstari, midomo ikamcheza, akausoma kwa sauti: "Binti yangu ana kipara, na mpwa wangu hana akili."

Alicheka mpaka kofia ikamtoka. Askari nao wakacheka, kwa sababu mkubwa amecheka. Akagusa maandishi kwa kidole, yalikuwa yamekauka na hayatoki. "Mwalimu, huu ni wino," akasema. "Umeoga wino, mwanamke wewe!"

Lakini alikuwa mtu wa hadhari. Kwa kuwa haikumpasa yeye kunifunua kichwa, alimwita mkewe. Bi Mwajuma akanipeleka chumbani penye dirisha. Nilimwamkia, akaitikia bila kunitazama machoni. Akanivua kanga. Alisita, nikakiona kidole chake kikisita, kisha akakiweka juu ya utosi wangu, akakipitisha mbele, akakirudisha nyuma. Mbali na Hadija, hakuna mtu aliyekuwa amenigusa kichwa tangu vuli.

"Tatu," akasema. "Hebu inamia mwangani. Hizi si malaika hizi? Umeota malaika, mwanangu, nywele changa. Kichwa kizima."

Ule weusi ndio uliokuwa umezificha zisionekane kwetu. Hapo nililia, na kilio hiki sikijutii. Bi Mwajuma akatoka akamwambia mumewe kwamba ni kipara cha kawaida na kinapona, nikaachiliwa. Akida alibaki na chupa moja ya wino, na kwa kuukoroga hivyohivyo ndio huu ninaoandikia leo.

Njiani Hadija alitania mpaka tulipofika kwenye mnazi wa kwanza. Hapo utani ukamwishia. Nikaona niulize.

"Hadija, ulikuja na karai mpaka boma. Mbona kichwa chako umekipeleka kwingine?"

Alifuta viganja vyake kwenye kanga. "Ulimi wangu hauogopi kitu, Tatu, wajua. Kichwa changu kinaogopa. Nilikiambia kisiogope, kikakataa. Nisamehe."

Sikumjibu vizuri. Nilisema, "Haya," tukaendelea na safari. Nilimsamehe siku ileile, lakini mikono yangu haikusamehewa na mtu.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya njaa, na sitaipamba. Mashamba yalikuwa yamechomwa, watu walikula mizizi, na baadhi ya vichwa nilivyovijua njia kwa njia sitavisuka tena. Niliendelea na amla, sasa kijiko kwa kijiko, katika kigae cha lile bakuli lililovunjika. Masika yalipoingia nywele zilikuwa za urefu wa kucha, laini ajabu. Sisemi ni amla. Bibi mmoja wa Kibiti aliniambia nywele za homa hurudi zenyewe ukizipa muda, na za kwake zilirudi bila kupaka chochote. Ninachojua ni kwamba kichwa changu kilingoja kikiwa safi, na mimi nilikuwa na la kufanya wakati wa kungoja.

Mbwana alirudi mwisho wa masika, mbavu nje, amejificha mikokoni miezi yote na kula kaa mpaka hataki kuwaona. Alisimama mlangoni akanitazama. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, lakini yeye alitangulia.

"Nani amekunyoa?" akauliza.

"Mungu."

"Amekunyoa vizuri," akasema, akakaa chini kwa kuchoka, akacheka, na machozi yalikuwa yakimtoka.

Bibi Rukia alirudi kipupwe kilichofuata. Nilimpelekea kopo, tupu, nimelisugua kwa mchanga mpaka likang'aa. Akalitazama, akanivua kanga bila kuomba, akanirudishia limejaa.

Wateja walirudi mmoja mmoja. Bi Mwajuma alitangulia, na alipomaliza aliokota nywele zake zote kama desturi, akazihesabu kwa macho, nami nikampa jani la mgomba azifunge. Niliona sawa. Kazi ilikuwa imerudi. Kilichokuwa hakijarudi ni Alhamisi.

Nywele zangu zilipofika urefu wa kushikika, nilihitaji mtu wa kunisuka, kwa kuwa msusi hajisuki kisogoni. Hadija alisema atanisuka yeye. Ulikuwa ususi mbaya kuliko wote niliowahi kuuona. Njia zilikwenda huku na kule kama zinatafuta mbuzi aliyepotea, na alinivuta mpaka nyusi zikapanda. Alipomaliza alinizunguka mara mbili, kama ile siku ya kwanza.

"Nzuri," akasema. "Wasipokujua watadhani una adui."

Kisha akageuka, akakaa mkekani mbele yangu, akaingiza mabega yake katikati ya magoti yangu, akafungua kanga. Ilikuwa Alhamisi. Nikashika chanuo, nikaipasua njia ya kwanza. Nilimsuka njia kumi na moja. Hazikupinda.

Nilipofunga ya mwisho, Hadija akainuka, akakung'uta kanga, akatazama nje. Nywele zake zilizong'oka zilikuwa zimelala mkekani, kishungi kidogo, karibu na goti langu. Akavaa makubazi.

"Hadija," nikamwita, "nywele zako."

"Zifukie wewe," akasema akiwa ameshafika uani. "Mimi nimeacha mboga jikoni."

Niliweka chanuo chini. Halafu nikaziokota, moja moja, nikazifunga kwenye pindo la kanga yangu, nikaenda nazo. Sikumwambia nilizifukia wapi, na mpaka leo hajaniuliza.